Sufuri za Titus

Kila asubuhi kabla ya kengele, Immaculate aliteremka hadi mwisho wa uwanja wa shule yao, huko Werugha kwenye milima ya Taita, kusoma kipima mvua. Kilikuwa chombo cha plastiki kilichofungwa juu ya nguzo. Aliandika milimita kwenye daftari, na Mwalimu Danson akazituma kwa simu. Katika shule ya ng'ambo ya bonde, kazi hiyo ilikuwa ya Titus.

Nambari zao zilikwenda mbali. Serikali ilikuwa imechanga pesa pamoja na vyuo vikuu na viwanda, ikanunuliwa kompyuta kuu moja ya kujaza ukumbi, kwa kuwa hakuna aliyeimudu peke yake. Watafiti na wenye viwanda waliitumia kwa zamu. Daktari Lynn, mtafiti wa mvua, alipewa saa zake humo, akaingiza nambari hizo za mvua ili awaambie wakulima wa Taita wapande lini.

Septemba ukungu ulishuka, na baridi ya Werugha haina mzaha. Immaculate alichungulia dirishani, akaona majani yanadondosha maji. "Kama hii si mvua, ni nini?" alijiambia, akaandika nne. Kesho yake akaandika tano. Uvivu ulimnogea, na kwa wiki mbili hakukikaribia kile chombo.

Ijumaa moja Daktari Lynn alifika ofisini. Immaculate aliitwa alete daftari.

"Mwalimu, shule hizi mbili zinatazamana, bonde tu katikati," Daktari alisema. "Hapa mvua kila siku, kule sufuri tupu. Nadhani Titus hapimi. Kipima mvua chao nitakipeleka shule nyingine, huko Mata."

"Ni lazima?" Mwalimu Danson aliuliza.

"Jumatatu nakutana na kamati ya waliochangia kompyuta. Wakiona nambari zinapingana, saa zetu kwa kompyuta watapewa wengine, na wakulima watapanda kwa kubahatisha." Akamgeukia Immaculate, akatabasamu. "Wewe umefanya kazi nzuri."

Maneno hayo yalimchoma kuliko kiboko. Alimfikiria Titus, ambaye hakuwa amekosa lolote, akinyang'anywa kazi aliyoipenda. Aliona aibu hata kuligusa lile daftari. Aliposikia gari la Daktari likiwashwa, alitoka mbio hadi langoni.

"Daktari, ni mimi," alisema, machozi yakimtoka. "Nilikuwa naandika kutoka dirishani. Sikupima. Usimnyang'anye Titus chombo chake."

Daktari Lynn alizima gari. Akashuka.

"Ukungu hulowesha majani, lakini haujazi chombo," alisema. "Titus alilijua hilo kwa sababu alikwenda kuangalia. Nami nimemdhania vibaya."

"Watatunyima saa?"

"Sijui. Nambari zako za wiki mbili nitazifuta, na kamati nitaieleza ukweli."

Jumamosi Immaculate alivuka bonde hadi kwa kina Titus, akamweleza yote. Titus alikasirika, akarusha jiwe kwenye kijito. "Mimi vidole vinaganda, wewe uko dirishani," alisema. Baadaye kidogo akamsindikiza hadi barabarani, ingawa hakusema mengi.

Jumanne Mwalimu Danson alimwita Immaculate. Kamati ilikuwa imewaachia saa zao, na kipima mvua cha Titus kingebaki pale pale.

"Kompyuta ile wamechangia watu wengi, wengine hutawaona kamwe," Mwalimu alisema. "Haina macho, Immaculate. Inategemea ya kwako. Ukiidanganya, umewadanganya wote, kuanzia mama yako na kabichi zake. Daftari bado ni lako, ukilitaka."

Asubuhi iliyofuata ukungu ulikuwa mzito hata nguzo haikuonekana. Immaculate aliteremka akipapasa njia, soksi zikilowa, akainamia chombo. Kilikuwa kikavu. Aliandika sufuri, kisha akaangalia mara ya pili kuhakikisha.