Mzinga Ulionukia Sabuni

Nyamizi anaishi kando ya msitu na Mama na Baba. Baba anafuga nyuki, kama baba yake alivyofuga.

Mwaka huu nyuki wamehama. Mzinga ni mtupu. Bila nyuki hakuna asali, na bila asali hakuna unga wala madaftari.

"Nimechoka kusubiri," anasema Baba. Ana mafua, maskini. "Kesho tuutundike kule msituni, kwenye maua."

Nyamizi anachungulia ndani ya mzinga. Una masizi. Una nta ya zamani. Lo! Nani atahamia nyumba chafu hivi?

Baba amelala. Nyamizi anachukua sabuni ya Mama, ile ya kunukia. Sugua, sugua! Chubwi, chubwi! Mzinga unang'aa.

Asubuhi wanaondoka. Baba amebeba mzinga. Nyamizi amebeba kamba. Njia ni ndefu, na jua ni kali.

*Twende, miguu, twende.*
*Msilale bado.*

Baba anapanda mti. Anautundika mzinga. Wanakaa mbali, wanangoja.

Nyuki mmoja anakuja. Zzz? Ananusa mlangoni. Anageuka. Zzzzz! Huyoo, ameondoka.

Mwingine anakuja. Zzz? Naye anaondoka.

"Mbona wanakataa?" anauliza Baba. "Nta si imo ndani?"

Moyo wa Nyamizi unadunda. Du, du, du.

"Baba, nta niliiosha. Kwa sabuni ya Mama. Nilitaka nyumba yao ipendeze."

Baba anakaa chini, pwa! Anafunika uso kwa mikono. Nyamizi anaogopa.

Lakini mabega ya Baba yanatikisika. Baba anacheka!

"Mafua haya! Nimebeba sabuni kichwani njia nzima, sijasikia kitu. Mwanangu, nyuki hataki sabuni. Anataka harufu ya nta. Akiisikia, anajua hapa panakalika."

"Sasa tufanye nini?"

"Tuanze upya."

Wanaushusha mzinga. Wanarudi nao nyumbani.

*Twende, miguu, twende.*
*Msilale bado.*

Mama anawasha moto wa majani. Moshi unaingia mzingani, fuu, fuu, unafukuza harufu ya sabuni. Baba analeta nta aliyoihifadhi, na Nyamizi anaipaka mwenyewe. Mikono inauma. Anapaka tu, mpaka kila kona inukie.

Kesho yake wanarudi msituni. Njia ni ileile, na jua ni lilelile.

*Twende, miguu, twende.*
*Msilale bado.*

Wanangoja. Wanangoja. Jua linashuka. Nyamizi anataka kulia.

Zzz? Nyuki mmoja anakuja. Ananusa. Anaingia! Anatoka, anaruka kwenda zake.

Kisha, zzzzzZZZZZ! Nyuki wengi, kundi zima! Wanatua mlangoni. Wanaingia, wanaingia, wanaingia.

"Baba! Asali!"

"Shhh. Utamdai mgeni asali hata hajakaa? Wametoka mbali hawa. Wamechoka kama sisi."

Baba anambeba Nyamizi mgongoni. Nyamizi anageuka, anautazama mzinga.

"Karibuni," ananong'ona. "Laleni salama."

Zzz, zzz, zzz.

Naye Nyamizi amelala, hata nyumbani hawajafika.