Miguu ya Nyuma ya Punda

Haya sikusimuliwa na mtu. Yalinipata mwenyewe, mchana kweupe, jua la utosi, mji mzima ukipiga makofi.

Mimi ni fundi cherehani. Kila kiangazi mji wetu hufanya gwaride la mavazi kwenye barabara ya pwani. Watu wanajigeuza samaki, wafalme, majini ya kuchekesha, kila mtu na wazimu wake. Mimi na wifi yangu, mke wa kaka yangu, tulikuwa punda. Punda huyo nilimshona mwenyewe kwa mablanketi ya kijivu na waya. Mmoja anaingia mbele, anavaa kichwa, anaona njia kupitia mdomo nilioutia wavu. Mwenzake anainama nyuma, anashika mkanda wa yule wa mbele, na haoni kitu.

Mbele nilikaa mimi. Kila mwaka.

"Wifi, nimechoka kutazama matako yako," alikuwa akininung'unikia. "Siku moja nipishe, nami nione bahari."

"Shona punda wako."

Basi ananifinya kiunoni. Hiyo ndiyo ilikuwa ishara yake kwamba yuko tayari kutembea. Hasemi, anafinya. Tena kwa kucha, mshenzi yule.

Mwanzoni mwa mwaka presha ilimchukua usingizini. Nikalia kiasi changu, nikafuta uso. Kiangazi kilipokaribia, watu wakaanza ushauri ambao sikuuomba: punda umpumzishe, mheshimu marehemu. Muuza samaki wa jirani akasema nguo uliyovaa na mtu aliyekufa huivai tena. Nikamuuliza, ile suti mumewe anayovalia kila arusi si ya marehemu baba mkwe? Akaendelea kupara samaki wake.

Binti wa wifi, muuguzi, akakubali kuwa miguu ya nyuma. Siku yenyewe tulijitayarisha uani kwa kinyozi, mwanzo wa barabara. Nilikuwa nimeshavaa kichwa nilipomsikia akiguna.

"Shangazi, tumesahau mabuti ya nyuma!"

Yalikuwa mabuti ya mpira niliyoyapaka rangi yawe kwato. "Kayalete. Na ukimbie, hawatusubiri sisi."

Akaondoka mbio. Ngoma za mbele zikaanza. Haikupita muda, blanketi la nyuma likainuliwa, mtu akaingia, akashika mkanda wangu.

Akanifinya. Kwa kucha.

"Mama yako kakufundisha ujinga," nikasema.

Akafinya tena.

Tukatembea vizuri. Vizuri mno. Katika mazoezi binti huyu alinikanyaga visigino hadi nikamwita gari bovu. Leo hakunigusa hata mara moja. Niliyumba, akayumba. Nilicheza, akacheza, kama mtu aliyezoea kiuno changu miaka na miaka. Ndani ya blanketi palikuwa na joto la tanuri, jasho linanichuruzika hadi machoni.

Mikono iliyoshika mkanda ilikuwa baridi.

Tulipofika penye kona, nikamwona binti kupitia mdomo wa punda. Alikuwa kando ya barabara, anasukumana na watu, anahema. Mabuti yalikuwa mikononi mwake. Yote mawili.

Alinyoosha kidole nyuma yangu. Kisha akaziba mdomo.

Penye kona ile gwaride hukata kushoto. Nikakata kushoto. Punda akaenda moja kwa moja.

Nikasukumwa mchangani. Nikakaza miguu, ikaburuzika. Watu wakacheka. Mwenye kipaza sauti akapaza: "Punda wetu ana kiu, jamani! Mpigieni makofi!"

Wakapiga.

Maji yakafika magotini. Yakafika kiunoni. Blanketi likanywa bahari, likawa zito kama maiti. Mikono ikaachia mkanda. Ikapanda mbavuni. Ikapanda mabegani. Ikafika shingoni.

Ndani ya kile kichwa hapaenei vichwa viwili. Nilikipima mwenyewe kwa futi yangu. Lakini sikioni pangu, palepale, mtu alinong'ona.

"Nipishe."

Sitawadanganya, haja ndogo ilinitoka. Bahari ikanisitiri.

"Sikupishi!" nikasema. "Hukukaa mbele ukiwa hai, utakaa ukiwa umekufa? Rudi nyuma!"

Asante ya punda ni mateke, nami nilirusha langu kwa nguvu zote. Halikugusa kitu. Nyuma yangu palikuwa patupu.

Mikono ilikuwa bado shingoni.

Kisha kichwa kikaanza kuvuliwa. Taratibu, kwa juu, kama mama anavyomvua mtoto fulana. Maji yalishafika kwenye wavu, nilikuwa nayameza. Mwenye akili angekiachia apumue. Mimi nilikikumbatia kwa mikono miwili. Nikakivuta chini. Kikavutwa juu. Nikakivuta chini.

"Nimeshona mimi!" nikapiga kelele, mdomo umejaa chumvi.

Mwanga ukaingia kwa nyuma. Binti alikuwa majini na nguo zake, ameinua blanketi. Shingo yangu ikawa nyepesi.

"Shangazi," akanong'ona, "huku hamna mtu."

"Najua."

Akashika blanketi la nyuma, akaliachia haraka. "Tena pakavu."

Nusu yangu ilikuwa inachuruzika. Nusu ya nyuma, iliyoingia maji yaleyale, ilikuwa kavu kama imetolewa kambani sasa hivi.

"Vaa mabuti," nikamwambia.

"Shangazi, twende nyumbani, tafadhali."

"Vaa. Gwaride halijaisha."

Tukamaliza. Alilia njia nzima huku akinikanyaga visigino, na sijawahi kufurahia kukanyagwa kama siku ile.

Sasa kila mtu ananiambia nimchome punda, au niende kaburini nikaombe radhi. Radhi ya nini? Kazi niliyoishona kwa macho yangu haya siichomi, na mahali pangu sipatoi.

Kichwa nimekitundika chumba cha kushonea, uso ukutani. Asubuhi nakikuta kimegeuka, kinatazama dirishani, kule inakoonekana bahari. Nakigeuza ukutani. Asubuhi inayofuata kimegeuka tena. Na kwenye kioo cha dirisha, usawa wa mdomo wake, pana ukungu wa pumzi.

Naufuta kwa kitambaa. Namwambia, "Mwakani pia, wifi, mbele ni mimi."

Ukungu unarudi kabla sijakikunja kitambaa.