Aliyejibu kwa Nyumba ya Rudaz

— Nyumba ya Rudaz?

— Nipo.

Sauti hiyo naijua hata ikiwa na mafua. Kwa miaka mitatu imeniita kipenzi. Nilikuwa nimefika kwenye kona ya njia, mwanangu Solène mgongoni, mfuko wa chakula mkononi: mkate mweusi, jibini, na nyama kavu niliyoikata nyembamba kama Aurèle apendavyo. Nikasimama hapo hapo.

Aurèle wangu alikuwa amesimama katikati ya watu, beleshi begani, ubavuni mwa Mzee Rudaz. Na Josiane, binti wa mzee huyo, alikuwa akimkung'uta majani kwenye kola, taratibu, kama mtu anayepangusa kabati lake mwenyewe.

Huku kwetu, Pasaka ikipita na theluji ikianza kuyeyuka, kila nyumba inatoa mtu mmoja wa kusafisha mfereji unaotuletea maji kutoka kwenye barafu ya juu. Nyumba ikiitwa isijibiwe haipati zamu ya maji, na malisho yasiyo na maji huwa vumbi kabla ng'ombe hawajarudi kutoka mlimani. Anayejibu ndiye mtu wa nyumba hiyo mwaka mzima. Na kijana asiyeoa akijibu kwa nyumba yenye mwanamke asiye na mume, watu hawasubiri padri atangaze. Wanaanza kuulizana watavaa nini harusini.

Baba yangu, aliyekuwa akijibu kwa nyumba yetu, tulimzika Januari. Aurèle alikula kiapo mezani kwangu: lifti za kupandisha watelezaji wa theluji zikifungwa tu, kazi yake huko ikiisha, mwaka huu atajibu yeye, na Solène atakuwa na baba anayejulikana. Asubuhi ya siku hiyo ya mfereji alinitumia ujumbe:

"Usije mpenzi. Njia bado ina barafu, utaanguka na mtoto. Nitajibu mimi kama tulivyopanga. Nisubiri nyumbani."

Nami nikaona mtu ananijali. Nikakata nyama.

— Nyumba ya Moix?

Hiyo ni yetu. Mzee Placide, mlinzi wa mfereji, aliita bila kuinua macho kwenye daftari. Mmoja akatania kwamba mwanaume wa Moix huenda kapotea njia, wengine wakacheka chini chini. Nikatoka kwenye kona.

— Aurèle, unaitwa.

Aligeuka.

— Odile. Si nilikwambia ubaki nyumbani?

— Uliniambia utajibu. Nimekuja kukusikia ukijibu.

— Tutaongea baadaye.

— Baadaye ipi? Ya Krismasi imepita. Ya lifti kufungwa imepita, wiki ya pili sasa.

Josiane akamtazama Aurèle.

— Huyu si ndiye uliyesema mliachana tangu Krismasi?

— Alhamisi alilala kwangu, nikamwambia. Mwangalie soksi. Ukishaolewa naye utazifua, ila nimezifuma mimi.

Josiane akazitazama zile soksi, kisha akamtazama baba yake. Mzee Rudaz alisema tu kwamba mtu amejibu kwa nyumba yake, na kilichoandikwa kimeandikwa. Nilidhani Josiane atasogea. Hakusogea. Alikunja mikono akabaki pale pale, ubavuni mwa Aurèle.

Aurèle akanijia, akashusha sauti.

— Nielewe, Odile. Yule mzee hana mtoto wa kiume. Zizi lote lile litakuwa mikononi mwangu. Solène hatakosa maziwa, nakuahidi. Mambo yakitulia tutaona. Wewe si unajua kusubiri?

Hilo ndilo lililonimaliza. Si zizi, wala si Josiane. Miaka mitatu nimempenda mtu, kumbe mwenzangu alichoona ni mwanamke anayejua kusubiri.

— Nyumba ya Moix, mara ya pili.

Alikuwa bado ananitazama, akingoja nilie ili anibembeleze.

— Nyumba ya Moix, mara ya mwisho.

— Nipo.

Mzee Placide akainua macho.

— Wewe, na mtoto? Kipande chenu kimejaa mawe ya poromoko, binti yangu. Marehemu baba yako mwenyewe alikuwa akitoka huko na homa.

— Nimeshajibu, Mzee.

Jirani yangu Bernadette, aliyekuja kumsaidia mumewe, alisogea. Alimfungua Solène mgongoni mwangu, akanisukumia beleshi lake.

— Chimba. Na yule usimtazame, utatapika bure.

Nilichimba. Kipande cha Moix kiko juu ya cha Rudaz, kwa hiyo siku nzima nilimwona chini yangu, hatua arobaini tu, mgongo wake ukiinama na kuinuka. Kabla ya saa tano viganja vilikuwa vimepasuka. Mchana nilikula ile nyama mimi na Bernadette. Tukiwa tunatafuna, simu ikalia.

"Nisamehe. Nitamwomba Placide abadilishe. Bado nakupenda."

Nikamjibu: "Panda uje uyaseme hayo kwa mdomo, watu wakisikia."

Nilimwona akisoma. Akaitia simu mfukoni, akaendelea kuzoa matope.

Saa tisa Mzee Placide aliinua ubao wa juu unaozuia maji. Maji yakaja na povu la udongo, yakapita kwangu bila kukwama hata mara moja, yakateremkia kwa akina Rudaz. Solène, mikononi mwa Bernadette, akayafuata kwa macho mpaka akamwona Aurèle.

— Baba.

Akaita tena, kwa nguvu zaidi. Kila mtu alisikia. Aurèle aliinama haraka kama mwenye jiwe la kutoa, na pale hapakuwa na jiwe.

Mzee Placide akanijia na daftari. Katika ukurasa wetu, miaka thelathini yote ilikuwa na jina la baba.

— Niandike la nani? Au niliache la marehemu mpaka upate mwanaume?

— Andika Odile.

— Na mwakani?

— Hilo hilo.

Akaandika polepole, herufi kubwa. Mimi nikamchukua mwanangu, aliyekuwa bado anatazama kule chini, nikamgeuza uso ayaangalie maji.