Doa Jekundu la Mabatini

Kwa mambo ya kompyuta, Mabatini yote hapa Mwanza hakuna bibi anayenifikia. Najua kuizima. Kuiwasha bado sijafundishwa, na hiyo ninayoizima si yangu, ni ya Luhende, mpangaji wangu.

Luhende ni kijana wa Magu, mtoto wa wafugaji, mrefu, shati lake jeupe limenyooka kuliko akili zake kuhusu wanawake. Kazi yake ni kuchora ramani kwenye tovuti ya kampuni moja ya Nyakato inayouza taa za sola kwa wavuvi wa dagaa. Wakala yeyote, popote alipo mwambaoni, akifungua programu kwenye simu yake, iwe kuandika mauzo au kutazama tu, simu inarekodi mahali aliposimama. Ramani inapaka rangi. Pakifunguliwa sana panakuwa pekundu kama kaa, pakifunguliwa kidogo panakuwa njano ya ndizi mbivu, pasipo na mtu panabaki jivu. Kuchora kwenyewe kunafanywa na mashine. Yeye anaipa maagizo tu, rangi ianzie wapi, doa liwe pana kiasi gani, wapi pasiguswe. Alinieleza hayo huku akimaliza viazi vyangu, na huku akimlalamikia jogoo wangu, ambaye ana kasoro ya kuwika saa saba mchana. Luhende husema huyo amesetiwa vibaya.

Siku moja alikwenda soko la Mwaloni, Kirumba, kuhakikisha simu za mawakala zinarekodi sawasawa. Alitembea macho yakiwa kwenye simu, akapanda juu ya turubai la dagaa.

"Kaka," sauti ikamwambia, "hao walishakufa. Huna haja ya kuwaua tena."

Aliinua macho akamwona Dorotea: kitenge cha njano juu ya jinzi, nywele kasuka twende kilioni, taa za sola zinaning'inia mkononi kama samaki waliotungwa. Dagaa walikuwa wa shangazi yake. Taa zilikuwa za kampuni.

"Samahani, dada. Namtafuta wakala wa hapa."

"Umemkanyagia kitoweo."

Basi alilipa kwa sato wa kukaanga, na sato akazaa Jumapili, na Jumapili zikazaa zingine. Walikuwa wakikaa juu ya mawe nyuma ya nyumba yangu wakitazama mapaa ya bati yanavyong'aa hadi ziwani, halafu wanashuka jikoni kwangu kula. Mimi nilijifanya sioni. Kujifanya sioni ndiyo kazi niliyoisomea.

Kampuni ikampeleka Dorotea Nansio, kisiwani Ukerewe, kufungua kituo. Akalia, akafurahi, akalia tena.

"Nikikisimamisha hicho kituo, ulete wazee wako kwa shangazi," alimwambia Luhende pale kwenye kivuko. "Sitaki kuolewa kama mzigo uliokosa pa kuwekwa."

Basi yakabaki mapenzi ya simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula ugali na upweke."

"Upweke nao ni mboga?"

"Hauna chumvi, Doro. Ningekuwa na ubavu ningekifuta hicho kisiwa kwenye ramani, ukose pa kukaa, urudi."

Dorotea alicheka sana. Neno lile alilicheka, lakini hakulitupa.

Haukupita muda, Bwana Khalidi, bosi wao, akaitundika ramani ukutani mbele ya kikao. Mwambao wote unawaka, Ukerewe ni jivu tupu. Akasema pale hakuna kazi inayofanyika, akampigia Dorotea arudishe mali ya kampuni.

Dorotea naye akampigia Luhende.

"Umekifuta kweli."

"Nimefuta nini?"

"Kisiwa. Nilidhani utani. Kumbe unanipenda mpaka unaninyang'anya kazi."

"Doro, naapa..."

"Unaapa kwa nini, kwa kompyuta?"

Simu ikakatika, na tangu hapo ikawa inaita tu. Kijana akakonda hadi shati likaanza kumvaa yeye. Viazi nikawa namwekea, nakuta vimepoa.

Lakini aliketi akazitafuta alama za Dorotea moja moja, akazikuta zipo zote. Zilikuwa ndani ya maji. Wavuvi hawakuwa na nafasi ya kuja dukani, basi Dorotea alikodi mtumbwi akawafuata majini wakitengeneza nyavu, akauza hukohuko na kuandika hukohuko. Na Luhende, wakati wa kutengeneza ramani, alikuwa ameipa mashine agizo ipake nchi kavu tu, ziwa iliache buluu. Mtoto wa mfugaji. Kwake ziwa ni mahali pa kunyweshea ng'ombe. Hakuwaza kwamba mtu anaweza kufungua duka juu yake.

Akaliondoa agizo lile. Ziwa likawaka moto kuizunguka Ukerewe yote. Akampelekea Bwana Khalidi, kituo kikarudishwa. Akamtumia Dorotea picha, akaandika chini yake: "Sikukifuta. Sikujua unatembea juu ya maji." Tiki mbili zikageuka buluu. Jibu halikuja.

Akaanza kuniuliza mimi. "Bibi, hakuna aliyeniulizia?"

"Nani akuulizie wewe na ukondefu huo?"

Siku moja umeme ulikatika Nyakato, akarudi mapema kwa mlango wa mbele, kimya, akajifungia chumbani na kompyuta yake yenye chaji. Aliifungua ramani ili aitazame Ukerewe tu, ndiyo ilikuwa dawa yake. Lakini jicho likavutwa na Mwanza mjini. Mabatini ilikuwa nyekundu kuishinda Kirumba. Nani ananunua taa za dagaa juu ya mawe? Akapunguza upana wa madoa. Wekundu ukajikusanya, ukajikusanya, ukatua nyuma ya nyumba hii, palepale penye jiko langu. Akaligusa doa. Likatoa jina: Dorotea. Na siku zote zilikuwa za mbalamwezi, wakati wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani na wakala hana kazi.

Akachukua simu akapiga. Safari hii ikapokelewa.

"Doro. Uko wapi?"

"Nansio. Niko wapi pengine?"

"Hujavuka ziwa tangu tugombane?"

"Nivuke nifuate nini?"

Dorotea alikuwa ameketi jikoni kwenye kigoda changu, kitenge kilekile cha njano, simu ya pili, ya kampuni, mapajani, programu imefunguka kwenye ramani. Kila akija, mpangaji wangu akiwa kazini, alikuwa akilitazama ziwa lile jekundu, analifunga, analifungua tena, huku ananiuliza Luhende amekula nini. Kuuvuka ua akamsubiri hakuweza. Alikwisha kumwita mwizi wa kazi, na neno lile hakujua pa kulirudishia.

"Basi nikija Nansio na wazee," Luhende alisema polepole, "nitakukuta?"

Dorotea akafumba macho. "Utanikuta."

Na hapo, maana ilikuwa saa saba, jogoo wangu akapanda juu ya kinu akawika. Akawika ndani ya simu, akawika na dirishani.

Dorotea akaiziba simu kwa kiganja, amechelewa.

"Doro," Luhende akasema, "huyo jogoo wa Nansio namfahamu."

"Ni ndugu yake," alijibu Dorotea, akafumbua macho, akamkuta amesimama mlangoni pa jiko, simu bado iko sikioni.

Mimi nikainamia viazi.