Uyoga Uliokatwa Juu Juu

Mume wangu alitaka uyoga. Fundi cherehani mzima, miguu mizima, ila uyoga lazima akatafutiwe na mke. Nikachukua kapu na kisu, nikaingia msituni jua likizama.

Mama mkwe alishanifundisha. Uyoga mweupe haukatwi, unang'olewa wote, hata sehemu iliyofichwa na udongo. Ukiukuta umesimama ndani ya kikombe cheupe, achana nao, ni sumu. Hayo niliyajua vizuri, msinifanye mjinga.

Chini ya miti ulikuwa umejaa tele. Nikainama ning'oe wa kwanza.

Kach... kach...

Hatua tatu kutoka kwangu mwanamke alikuwa amechuchumaa, kitambaa cha njano kichwani, anakata uyoga. Sikumsikia akija. Alinuka udongo mbichi, kama shimo lililochimbwa asubuhi hiyo.

Nikamsalimu. Hakuitikia. Akanong'ona tu:

"Kata juu juu, mwenzangu. Ukiung'oa, udongo utachafua kapu lote."

Nikamwambia nimefundishwa kutazama kikombe kwanza. Akasema ameshatazama, hakuna.

Nikamwamini. Giza lilikuwa linaingia, mgongo unaniuma, na nyumbani kuna mtu chakula kikichelewa anafoka mpaka majirani wanachungulia. Nikakata. Kapu lilipojaa nikainua uso nimshukuru...

Hapakuwa na mtu.

Nilikimbia. Ila kapu sikulitupa, na kwa hilo najilaumu mpaka leo.

Mume wangu alimaliza sufuria. Mimi nikabaki na mwiko mtupu, ndiyo kawaida ya nyumba ile. Alfajiri akaanza kutapika, akatapika siku nzima. Kesho yake akapata nafuu, akanitania, akakaa kwenye cherehani yake, nami nikamshukuru Mungu kwa machozi. Siku ya tatu macho yakawa ya njano. Daktari akasema ini limekwisha.

Mchana huo nikarudi msituni na jembe. Nikavichimbua visiki vyote vya uyoga niliokata, kimoja kimoja.

Kila kimoja kilikuwa na kikombe.

Mama mkwe nilimkuta kando ya kitanda cha mwanawe. Nikamnong'oneza habari za yule mwanamke. Nilipotaja kitambaa cha njano, akainuka akafunga mlango.

"Huyo ni mke wake wa kwanza," akasema. "Tulimzika nacho."

Nikamuuliza alikufa kwa nini.

"Tumbo." Akatazama sakafu. "Mwanangu ndiye aliyemletea uyoga. Alikuwa ameukata juu juu, na nilikuwa nimemfundisha kuung'oa tangu mdogo. Hakukosea yule, alikusudia."

"Na ukanyamaza, mama?"

Akamvuta mwanawe shuka mpaka kidevuni. Jioni mume wangu akakata roho, mkono wake ukiwa ndani ya wangu. Nilimpenda, mniamini msiniamini.

Matangani watu wakaanza kuulizana mbona mimi sikula. Nikamtazama mama mkwe, nikingoja aseme neno. Akasema. Yeye ndiye wa kwanza kuniita mchawi.