Viatu Havina Sura

"Ifute hiyo picha. Sasa hivi," Mkunga alinong'ona kwenye simu, mgongo kauegemeza mlangoni.

"Ipi, mpenzi? Ya viatu? Mbona watu wameipenda."

Aliyejibu ni mchumba wake, fundi simu, aliyekuwa kibarazani akimsubiri kama kawaida. Mkunga hakuwa na bosi wala mshahara, alizalisha wanawake majumbani mwao, na ukurasa aliofunguliwa na Fundi ndio uliomletea wateja. Kila alipovua viatu mlangoni kando ya viatu vya mzazi, Fundi alipiga picha ya jozi zile mbili na kuirusha. Roho ya Mkunga ilisita tangu mwanzo, lakini Fundi alimcheka: "Viatu havina sura, bwana." Naye akanyamaza. Mapenzi yakiwa mapya mtu hufumba hata jicho lililo zima.

Sasa kwenye ukurasa ule kulikuwa na ujumbe:

"Hayo makubazi nimeyashona mimi. Nyuma naona ukuta wa kiwanda. Nakuja kumchukua mke wangu."

Kitandani, mzazi aliuma kona ya mto. Mumewe, mshona viatu, alimvunja mkono akiwa na mimba, naye mke akakimbilia huku kwa shangazi yake na alichokuwa nacho miguuni. Mkunga alikuwa amemwambia kwa kinywa chake: siri yako iko kwangu. Leo siri ile imeanikwa kama nguo, na mtoto keshaanza kuonekana kichwa. Kumhamisha haiwezekani. Shangazi aliwapigia polisi, akaambiwa wako njiani.

Mkunga alimsomea Fundi ule ujumbe.

"Nimekuponza," Fundi alisema.

"Umemponza yeye. Yaondoe makubazi hapo mlangoni."

Akarudi kwa mzazi, akamwambia asukume taratibu, asipige kelele. Ndipo zikasikika hatua, na sauti ya mwanaume, ya upole kabisa. Upole ule ndio uliomtia Mkunga baridi mwilini.

"Habari yako, kaka. Namtafuta mke wangu. Mjamzito."

"Humu yumo wa kwangu," Fundi alijibu.

Wakati huohuo mtoto akatoka, akalia.

Chini ya mlango Mkunga aliona vivuli vya miguu, ya watu wawili, imesimama tuli. Mzazi alimkumbatia mwanawe kifuani huku machozi yakimtiririka, macho hayabanduki mlangoni.

"Huyo ni mtoto?"

"Wangu. Wa kwanza. Naomba nipishe, kaka, nikamwone mke wangu."

Vivuli vilikaa. Vikakaa. Kisha kimoja kikaondoka.

Polisi walimkuta mshona viatu bado anagonga milango ya mtaa ule, wakamkamata. Mkunga alipotoka, Fundi alikuwa ameketi chini, jasho linamchuruzika, makubazi kayaficha ndani ya shati.

"Naufunga huo ukurasa," alisema.

"Hufungi kitu. Nipe neno la siri, naushika mwenyewe. Kuanzia leo hakuna picha ya mzazi, ya mlango, wala ya kiatu. Nikiwa kazini, ukurasa umelala."

"Na sisi je?"

"Leo nimekuogopa wewe kuliko yule. Yule sikuwa nimemwamini."

Fundi alitoa neno la siri, akayaweka makubazi mikononi mwa Mkunga, akaondoka kwa miguu. Kwa miezi kadhaa alimpeleka kazini na kumrudisha, simu imezimwa mfukoni, bila kuuliza ametoka kwa nani. Mkunga aliyaona yote. Siku moja, wakiwa njiani, alimwambia tu kwamba wajomba zake wanangoja posa.

Siku ya harusi yule mama alikuja, mtoto mgongoni, viatu vipya miguuni. Mpiga picha akamgeuzia kamera. Bwana harusi akaruka kitini, akasimama katikati, akamziba kwa mgongo wake wote.

Picha hiyo ilitoka: mgongo wa suti umeijaza yote, na pembeni bibi harusi analia. Haijawahi kurushwa popote. Iko sebuleni kwao, ukutani.