Kiti cha Yaya Colombe

Sekretere, mama mmoja wa makamo, alileta viti viwili. Raphaël akadhani cha pili ni cha mkoba wake, akauweka pale, na yule mama akaruka.

"We kijana! Unaweka sakoshi juu ya mutu?"

Raphaël akacheka, akauondoa. Masikini, kazi aliitaka kuliko chakula: ametoka Kinshasa na diplome ya informatique, na ofisi hiyo ya mtaa wa Muhumba ndiyo kwanza ipate ordinateur, yaani kompyuta. Bosi akampa karatasi. "Citoyen, andika programu ya kupanga mishahara." Kazi ndogo hiyo. Akaanza, mara harufu ya sambaza, vile visamaki vya ziwani, zinazokaangwa kwa mawese ikapanda pale mezani, na pembeni ya karatasi likatokea doa la mafuta, halafu lingine, alama za vidole vya mtu aliyeinama kutazama. Bosi akasogeza kiti nyuma. Kazi hakupewa.

Kwenye ofisi nyingine, mtaa wa Nyawera, ikawa vile vile, viti viwili, harufu ile ile, na safari hii alisikia pumzi karibu na sikio, pumzi ya mtu aliyepanda mlima na beseni kichwani, na kila mstari aliouandika mafuta yaliufuata nyuma yakaufunika, mpaka wino ukayeyuka na mkono ukakataa kwenda, naye hakuthubutu kugeuza shingo, kwa sababu pumzi ile aliijua tangu utotoni.

Alikuwa dada yake mkubwa, yaya Colombe, aliyemsomesha kwa kukaanga sambaza sokoni. Alikufa Raphaël akiwa kwenye mitihani, na nyumbani wakakubaliana kumficha, asije akaanguka mwaka. Aliporudi matanga yamekwisha, wote walishanyoa kwa msiba, nywele zimeota tena. Leo wakamwambia, kesho wakamtuma kutafuta kazi. Jamani, angelia saa ngapi?

"Maman," akanong'ona alipofika nyumbani, "yaya iko ananifuata."

Maman Emérence akaketi chini. "Najua. Inanukia humu tangu ulirudi."

Wakamwita muzee Aloys, mganga wa kufukuza pepo. Akasimama mlangoni, akanusa.

"Huyu alinyoa?"

"Alikuwa kwa examen, papa."

"Basi dada yake anamungoja. Leteni wembe." Akamgeukia Raphaël, sauti chini. "Ukimulilia ataenda, mutoto wangu. Hatarudi."

Raphaël akamshika mkono. "Ngoja kwanza, papa. Kidogo tu." Akavuta ile harufu mpaka kifua kikajaa. Kisha akainamisha kichwa. Nywele zilipoanguka akalia, akalia kama mtoto aliyepotea sokoni, na mlango ukafunguka wenyewe, na wote wakasikia kandambili zikishuka polepole kuelekea barabarani.

Akarudi Muhumba kuomba ajaribu tena. Sekretere yule yule akaleta kiti kimoja.

"Mama, hakuna kingine?"

Akatazama kushoto kwa Raphaël, akatazama kulia. "Cha nani?"

Aliandika programu yote bila kosa, na bosi akampa kazi hapo hapo. Lakini Raphaël hakuiachia karatasi upesi. Aliishika, akaitazama pembeni, na ilikuwa safi kabisa.